Tunda la Yago na Saratani ya Ngozi

Mtu apitaye kandokando ya Ghuba ya Winam, kutoka Dunga karibu na mji wa Kisumu hata Asembo na mbele yake, hakosi kuuona mti mmoja wenye kivuli kizito ambao matunda yake huning'inia kwa vikonyo virefu mfano wa kamba. Kila tunda lina umbo la muhogo mnene, lina rangi ya kijivu, na uzito wake waweza kufika kilo kadhaa, hata si busara kulala chini ya mti huo wakati wa upepo. Waswahili huuita mwegea au mvungwa. Wataalamu wa mimea huuita Kigelia africana. Na Waluo, ambao ndio wenyeji wa pwani hiyo ya ziwa, huuita yago.

Kwa Waluo tunda hili si kitu cha mchezo. Mtu akifa mbali na kwao, au akizama ziwani na maiti yake isionekane, jamaa zake hulitwaa tunda la yago wakalizika mahali pake, na matanga hukaliwa kana kwamba mwili wenyewe umo kaburini. Kwa Wakikuyu tunda lilo hilo hutumika kuchachushia pombe ya muratina. Na katika nchi nyingi za Afrika, toka magharibi hata bonde la mto Zambezi, watu hulikausha wakalisaga, au wakachemsha gome la mti, wakapaka dawa hiyo juu ya vidonda, upele na uvimbe wa ngozi. Tena wako wasemao kwamba huponya hata saratani ya ngozi.

Neno hilo la mwisho ndilo nitakalo kulichungua hapa. Si neno dogo. Kisumu iko karibu sana na mstari wa Ikweta, nao mstari wenyewe hupita Maseno, mwendo mfupi tu kutoka mjini. Jua la huko ni kali mwaka mzima. Wako watu waliozaliwa na ualbino ambao ngozi zao hazina rangi ya kuwakinga, nao hupata vidonda vya saratani wakali bado vijana. Wako na wengine, weusi kabisa, ambao saratani huwatokea miguuni, mahali ambapo hakuna aitazamaye upesi. Mtu wa namna hiyo akiambiwa sokoni kwamba unga wa tunda fulani humponya, akautumia miezi sita, na unga huo usiwe na nguvu yo yote, basi miezi ile sita haitarudi tena. Ikiwa unao nguvu, na sisi tumeudharau kwa sababu umetoka kwa wazee na haukutoka katika chupa, hasara yake pia ni kubwa. Kwa hiyo imetupasa kujua jinsi dawa za mimea zinavyojaribiwa, na jambo gani limepatikana katika majaribio hayo mpaka leo.

Kazi ya kwanza ni kuandika. Dawa ambayo jina la mti wake halijulikani hasa haiwezi kujaribiwa, kwa maana jina moja la kienyeji huweza kutajwa kwa miti mitatu mbalimbali, na mti mmoja ukawa na majina kumi. Katika kazi hii Afrika ya Mashariki inamshukuru John Kokwaro, mtaalamu wa mimea wa Chuo Kikuu cha Nairobi, ambaye mwaka 1976 alitoa kitabu kikubwa cha mimea ya dawa ya Afrika ya Mashariki. Yeye mwenyewe ni Mluo, na baadaye alishiriki kutunga kamusi ya majina ya Kiluo ya mimea na wanyama. Naona kazi ya namna hii haikupewa sifa iliyostahili. Watu humsifu yule atoaye dawa katika chupa, humsahau yule aliyetembea kwa miguu akiuliza wazee majina ya majani.

Kazi ya pili hufanywa katika maabara. Chembe hai za saratani, ambazo siku hizi huitwa seli, hutolewa katika uvimbe wa mgonjwa na kukuzwa katika vibakuli vya kioo, hulishwa na kuwekwa katika joto lake kama vifaranga. Kisha maji yaliyokamuliwa katika mmea hutiwa humo, na mtaalamu huhesabu seli ngapi zimekufa na ngapi zimeishi. Hivyo ndivyo alivyofanya Peter Houghton na wenzake wa King's College mjini London katika miaka ya 1990. Waliisikia sifa ya mti wa yago, wakachukua gome na tunda lake, wakavijaribu juu ya seli za melanoma, yaani saratani ya zile seli zitiazo ngozi rangi. Wakaona kwamba seli ziliathirika kweli. Baadaye, katika habari zilizochapishwa mwaka 2000, walitaja vitu maalumu vilivyomo katika mti huo ambavyo viliziua seli za saratani katika kioo.

Msomaji aweza kudhani kwamba hapo habari imekwisha, na wazee wameshinda. Lakini tusiharakishe. Siki huziua seli katika kioo. Chumvi nyingi huziua. Hata maji ya moto huziua. Swali si kama kitu kinaua seli ya saratani, bali kama kinaiua hiyo na kumwacha mwenye mwili akiwa hai. Katika miti ya ukoo wa yago mna kitu kiitwacho lapakoli, ambacho katika kioo na katika panya kilionekana kuwa na nguvu. Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani ilikijaribu kwa wagonjwa, wakakinywa, na ikaonekana kwamba hakifiki katika damu kwa kiasi cha kutosha, na kiasi kikiongezwa mgonjwa hutapika na kuumwa. Basi kikaachwa. Na tunda lenyewe la yago, mpaka hivi leo ninapoandika, halijatoa dawa ya saratani iliyokubaliwa na serikali yo yote baada ya kujaribiwa kwa wagonjwa. Mafuta ya kupaka yaliyotiwa yago huuzwa Ulaya kama vipodozi, jambo ambalo ni tofauti kabisa.

Sasa nataka kumgeuza msomaji aitazame saratani nyingine, maana hapo ndipo mimea ilipopata ushindi wa kweli katika nchi za ziwa hili.

Mwaka 1872 daktari wa ngozi mjini Vienna, jina lake Moritz Kaposi, aliandika habari za wagonjwa waliotokwa na madoa na vinundu vya rangi ya zambarau, hasa miguuni. Kwa hakika saratani hii huanzia katika seli zilizoifunika mishipa ya damu na ya limfu kwa ndani, lakini ngozi ndiyo iionyeshayo kwanza, na kwa hiyo wagonjwa wenyewe huihesabu kuwa saratani ya ngozi. Huko Ulaya ilikuwa ya nadra, ikiwapata wazee wa kiume, tena polepole. Katika Afrika, toka mashariki ya Kongo hata Uganda na magharibi ya Kenya, madaktari waliikuta kuwa ugonjwa wa kawaida, uwapatao watu wa makamo na mara nyingine watoto. Ilikuwa imezidi hata mwaka 1961 wataalamu wa mataifa mengi walikutana Kampala kwa ajili ya saratani hiyo moja tu. Mguu wa mgonjwa huvimba, ngozi huwa ngumu kama gome, vidonda hufunguka na kunuka, na mkulima au mvuvi huyo hawezi tena kwenda shambani wala kuvuta wavu.

Wakati huo huo, katika bustani nyingi za Kisumu, Kampala na Mombasa, lilikuwa likimea ua dogo lenye petali tano, jeupe au la rangi ya waridi, ambalo watu walilipanda kwa uzuri wake na kwa sababu halihitaji maji mengi. Asili yake ni Madagaska. Mabaharia na wakulima walilichukua mpaka likaenea nchi zote za joto, na katika nyingi za nchi hizo watu walichemsha majani yake wakanywa kama chai ya kutibu ugonjwa wa kisukari.

Mwaka 1952 daktari mmoja wa Jamaica alimpelekea mwenzake huko Kanada, Clark Noble, bahasha ya majani hayo, ili yachunguzwe kama kweli yanapunguza sukari. Clark alikuwa karibu na kustaafu, basi akampa ndugu yake Robert, aliyekuwa na maabara katika mji wa London ulio Kanada. Robert Noble akawapa panya maji ya majani hayo wanywe. Sukari haikupungua hata kidogo. Akawadunga sindano ya maji yale yale, panya wakafa. Mtu mwingine angeandika katika daftari lake kwamba dawa ni sumu na haifai, akafunga kazi. Yeye aliuliza panya wamekufa kwa nini. Akaona wamekufa kwa vijidudu ambavyo kwa kawaida havimshindi panya, na vimewashinda kwa sababu chembe nyeupe za damu zao zilikuwa zimepungua sana. Hapo akili yake ikageuka. Iko saratani ya damu ambayo chembe hizo huzidi kupita kiasi. Na kitu cha kuzipunguza ndicho kilichokuwa kikitafutwa. Pamoja na Charles Beer, fundi wa kemia aliyejiunga naye mwaka 1954, alikitafuta kile kitu katika majani, na mwaka 1958 wakatangaza vinblastini. Kampuni ya Eli Lilly ya Marekani, ambayo ilikuwa ikilichunguza ua lilo hilo kwa njia yake, ilipata ndugu yake, vinkristini, ambayo ilikubaliwa kutumika Marekani mwaka 1963.

Yafaa kueleza vinkristini inafanya nini, kwa maana wanafunzi wengi hudhani dawa ya saratani ni kama kisu kinachotafuta uvimbe. Sivyo. Seli inapotaka kugawanyika kuwa mbili, hufuma ndani yake nyuzi nyembamba sana, na nyuzi hizo huvuta urithi wa seli nusu kwa nusu, kila upande na fungu lake, kama wavuvi wa pande mbili wanavyovuta kamba za juya. Vinkristini huzuia nyuzi zisifumwe. Seli isiyoweza kuvuta haiwezi kugawanyika, na mwisho hufa. Saratani hugawanyika upesi kuliko sehemu nyingi za mwili, na kwa hiyo huumia zaidi. Lakini mishipa ya fahamu nayo hutumia nyuzi za namna hiyo, ndiyo sababu mgonjwa aliyepewa vinkristini huona ganzi vidoleni na mara nyingine hushindwa kufunga kifungo cha shati.

Dawa hii ilifika Kampala mapema. Mwaka 1958 daktari mpasuaji Denis Burkitt wa hospitali ya Mulago alikuwa amechapisha habari za uvimbe wa taya za watoto ambao sasa unaitwa kwa jina lake. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa motokaa kuukuu yapata maili 10,000, toka Uganda hata Afrika ya Kusini, wakiuliza hospitali kwa hospitali uvimbe huo unaonekana wapi na wapi hauonekani. Uvimbe huo haukuwa wa kukatwa kwa kisu. Ulihitaji dawa, na vinkristini ikawa mojawapo. Mwaka 1967 ukafunguliwa Mulago mwanzo wa Taasisi ya Saratani ya Uganda, kwa ushirikiano na ile Taasisi ya Taifa ya Marekani. Hata Kisumu, katika hospitali kuu ya Nyanza iliyofunguliwa mwaka 1969, ambayo wenyeji wengi huiita "Russia" kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Warusi, na ambayo leo ina jina la Jaramogi Oginga Odinga, watoto wa pwani ya ziwa wenye uvimbe wa Burkitt wametibiwa kwa dawa itokayo katika ua lile.

Ikiwa iliponya uvimbe wa watoto, je, ingefaa kwa saratani ya Kaposi? Hapo Kampala pakafanywa jambo ambalo naliona kuwa la heshima kuu katika historia ya uganga wa nchi zetu, ingawa vitabu vya shule havilitaji. Wagonjwa waligawanywa kwa kura katika mafungu, hawa wakapewa dawa hizi na hawa dawa zile, kisha vinundu vyao vikapimwa. Habari za jaribio la vinkristini pamoja na aktinomaisini D zilichapishwa mwaka 1973, na miongoni mwa waandishi wake alikuwamo Sebastian Kyalwazi, mmoja wa Waafrika wa kwanza katika Afrika ya Mashariki kufuzu upasuaji. Mwaka 1974 likafuata jaribio jingine lililoongeza dawa ya tatu, likiongozwa na Charles Olweny. Twajua hali ya Uganda ilivyokuwa katika miaka ile. Waamerika walikuwa wameondoka katika siku za Idi Amin, na Olweny ndiye aliyebaki kuiongoza taasisi. Kugawanya wagonjwa kwa kura, kuwafuata, kuandika kila kipimo katika daftari, huku nje mambo yanaharibika, si kazi ya mtu mwoga.

Kwa nini kura? Swali hili wanafunzi huniuliza mara kwa mara, na wengine huona ni ukatili. Sababu yake ni hii. Saratani ya Kaposi ya namna ya zamani huenda polepole, na mara nyingine hutulia yenyewe. Daktari akichagua mwenyewe nani apewe dawa mpya, aghalabu atampa mwenye nguvu, maana anaona atastahimili. Kisha mwenye nguvu akiishi, dawa itasifiwa kwa kazi ambayo mwili umeifanya. Kura haina huruma wala upendeleo, ndiyo maana ushahidi wake huaminika. Mganga wa kienyeji hana kura. Ana kumbukumbu ya waliopona na kurudi na kuku wa shukrani. Waliokufa hawarudi kumwambia.

Halafu ukaja UKIMWI, na mambo yakabadilika kabisa. Katika miaka ya 1980 saratani ya Kaposi ilikuja kwa sura nyingine, ya haraka, ikiingia kinywani, tumboni na mapafuni, ikawapata vijana na wanawake ambao zamani ilikuwa nadra kuwapata. Nyanza ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizopigwa zaidi katika Kenya. Mwaka 1994 Yuan Chang na Patrick Moore huko Marekani waligundua virusi viletavyo saratani hii. Watu wengi wa nchi zetu huvipata tangu utoto bila ya kuumwa, na kinga ya mwili ikivunjika ndipo vinapofanya uharibifu. Dawa za kupunguza makali ya UKIMWI zilipoenea baada ya mwaka 2003, wengi walipona vinundu vyao kwa dawa hizo tu. Lakini waliokuwa wameumwa sana walihitaji pia dawa ya saratani yenyewe, na dawa iliyokuwapo, kwa bei iliyowezekana, mara nyingi ilikuwa vinkristini ikichanganywa na bleomisini, ambayo hutoka kwa vijidudu vya udongoni.

Basi swali likawa: katika dawa ambazo nchi maskini yaweza kuzipata, ipi ni bora? Mwaka 2013 lilianzishwa jaribio kubwa katika nchi sita: Kenya, Uganda, Malawi, Zimbabwe, Afrika ya Kusini na Brazili. Wagonjwa 334 waligawanywa kwa kura, wote wakapewa dawa za UKIMWI, na juu yake kila mmoja akapewa mojawapo ya njia tatu. Angalia sasa ajabu yake: zote tatu zilikuwa na asili ya mmea. Ya kwanza ni hiyo vinkristini ya ua la Madagaska pamoja na bleomisini. Ya pili ni etoposidi, ambayo ilitengenezwa kutokana na kitu kilichomo katika mzizi wa mmea mdogo wa misitu ya Amerika ya Kaskazini. Ya tatu ni paklitakseli, iliyopatikana kwanza katika gome la mti mmoja wa milima ya magharibi ya Marekani, ambalo lilikusanywa mwaka 1962 katika msako wa serikali yao wa kujaribu maelfu ya mimea. Paklitakseli hufanya kinyume cha vinkristini: haizuii nyuzi kufumwa, bali huzizuia zisifumuliwe, na seli hunaswa katika wavu wake yenyewe.

Mwaka 2016 fungu la etoposidi lilisimamishwa kabla ya wakati, kwa sababu lilikuwa limeachwa nyuma waziwazi: baada ya wiki 48, katika kila wagonjwa 100 waliopewa paklitakseli 50 walikuwa hai na ugonjwa wao haukuendelea, lakini kwa etoposidi walikuwa 20 tu. Mwaka 2018 likasimamishwa na fungu la vinkristini na bleomisini. Huko hesabu ilikuwa 64 kwa paklitakseli na 44 kwa hizo mbili. Habari zilichapishwa mwaka 2020 katika gazeti la madaktari la Lancet.

Hesabu hizi zanigusa. Dawa iliyotumiwa Afrika kwa miaka mingi, kwa kuwa ilikuwa rahisi na imezoeleka, ilishindwa na nyingine. Haikuwa dawa bandia, kweli ilisaidia. Lakini kama watu wale 334 na familia zao wasingekubali kupigiwa kura, tungeendelea kuitoa miaka mingine ishirini tukiridhika nayo. Majina yao hayaandikwi katika gazeti la Lancet, wala haifai yaandikwe.

Nimesema habari za ushindi. Iko habari ya namna nyingine, nayo yahusu mmea ambao kila mtoto wa Nyanza anaujua. Mnyaa, ambao Waluo huuita ojuok, ni mti wa kijani usio na majani ya kuonekana, una vijiti vinene kama penseli, na hupandwa kuwa ua wa kuzunguka boma. Ukivunjwa hutoa utomvu mweupe mfano wa maziwa, ambao ukimwingia mtu jichoni humtesa. Utomvu huo hupakwa juu ya sugu na vinundu vya ngozi, nao huvichoma kweli, kwa hiyo sifa yake ni kubwa. Lakini wataalamu walipouchunguza waliona katika maabara kwamba vitu vilivyomo huviamsha virusi vya Epstein-Barr, ambavyo vinahusika na uvimbe wa Burkitt. Na wengine wameshuku kwamba watoto wachezao na mnyaa huenda wakawa katika hatari zaidi. Hiyo ni shaka ambayo haijathibitishwa kabisa, wala sisemi watu wang'oe nyua zao leo.

Ndugu wa mnyaa, mmea mdogo wa ukoo huo huo umeao kama magugu, alipata bahati kubwa zaidi, kisha akaanguka. Huko Australia watu waliupaka utomvu wake juu ya madoa ya ngozi yaliyochomwa na jua, ambayo huweza kugeuka saratani. Wataalamu wakakipata kitu chenyewe, ingenoli, wakakijaribu kwa kura kama inavyopasa, na madoa yakaondoka. Mwaka 2012 dawa hiyo ya kupaka ilikubaliwa Marekani na Ulaya. Lakini wagonjwa walipofuatwa kwa miaka mitatu, saratani ya ngozi ilionekana kwa asilimia 3.3 ya walioitumia, na kwa waliotumia dawa nyingine iliyolinganishwa nayo asilimia 0.4 tu. Mwaka 2020 ikaondolewa Ulaya. Doa lilikuwa limekwenda, na ugonjwa ukarudi kwa mlango mwingine. Kama wasingeendelea kuhesabu baada ya kusifiwa, nani angalijua?

Na mmea wenyewe hupatwa na nini? Mwaka 1972 Morris Kupchan wa Marekani alitangaza kitu kikali sana, maitansini, alichokipata katika mti wa Ethiopia. Ndugu wa mti huo alionekana humea katika vilima vya Shimba, nyuma ya Mombasa, na kwa ajili ya majaribio ya Taasisi ya Saratani ya Marekani zilikusanywa kilo 27,215 za mti huo katika Kenya. Imeandikwa kwamba miti yote mikubwa ya aina hiyo mahali pale ilimalizika. Dawa ikajaribiwa kwa wagonjwa, ikawa kali mno, nayo iliwafaa wachache, ikaachwa. Miti ilikuwa imekwisha kukatwa. Baada ya miaka mingi wataalamu waliikumbuka, wakaifunga maitansini juu ya chombo kinachoitambua seli ya saratani na kuipelekea sumu mlangoni, na mwaka 2013 ikakubaliwa Marekani kwa saratani ya matiti. Kenya haikuwa na sheria ya kuuliza habari za kilo zile wakati zilipochukuliwa. Sasa iko sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi, na nchi imeingia katika Mapatano ya Nagoya yatakayo kwamba mwenye mmea na mwenye maarifa wapate fungu lao. Jinsi sheria hizo zitakavyotumika siku mganga wa Asembo atakapoonyesha gome lenye nguvu ya kweli, ni jambo la kungojea.

Kwa mtu mwenye ualbino wa Kisumu, dawa iliyo na ushahidi bado si ya mti wo wote: ni kofia pana, nguo ya mikono mirefu, mafuta ya kuzuia jua, na kidonda kukatwa kingali kidogo. Kwa mwenye saratani ya Kaposi iliyokwisha enea, ni dawa za UKIMWI ikiwa anavyo virusi hivyo, na paklitakseli ikipatikana, ambayo siku hizi viwanda huipata bila ya kuua miti ya mwituni. Kuhusu tunda la yago, lililojaribiwa katika kioo mjini London, swali la wazee wa Zambezi halijaulizwa bado kwa kura, mbele ya wagonjwa wa kutosha, na daftari la miaka mitatu.